Mkono wa Mtu

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini na riwaya ya Kiingereza aliyoazima kwa rafiki yake. Ilikuwa hadithi ya wachawi wakati wa vita. Serikali ya nchi moja ya Ulaya inawakusanya, inawavika sare, inawapa vyeo na kuwapeleka mstari wa mbele wakapigane kwa uchawi wao. Alitaka kujua kama inamfaa mtu anayejiandaa kwa uchungaji kusoma kitabu cha namna hiyo. Tulimwambia asome, maana mchungaji asiyejua washarika wake wanasoma nini atawahubiria watu asiowajua. Lakini aliposimama kuondoka aliuliza swali jingine: "Mchungaji, na sisi huku mlimani, wakati wa vita wachawi walikuwa upande gani?"

Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa hatukuwa na jibu siku ile. Haya tunayoandika ni jibu lililochelewa.

Jibu jepesi lipo. Kabla ya Wajerumani, uchifu wa Kilimanjaro ulipigana vita vingi, Moshi na Kibosho, Kibosho na Machame, Marangu na jirani zake, na hakuna mangi aliyetuma vijana wake vitani bila dawa na matambiko. Kila kabila lililopigana lilikuwa na waganga wake wa vita. Hao hawakuwa wachawi. Wazee wetu walitofautisha mambo haya kwa makini kuliko tunavyofanya sisi mimbarani. Dawa ya vita ilikuwa kazi ya mangi, tena ya wazi. Chungu cha laana kilipigwa kwa sheria, watu wakijua, dhidi ya mwizi au mdhulumaji asiyejulikana, na mwenye kosa aliweza kujitokeza ili laana iondolewe. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani 1902 na kuishi Old Moshi kwa miaka mingi, aliandika habari za chungu hicho katika vitabu vyake kama mtu anayeeleza mahakama. Usavi ulikuwa kitu kingine kabisa. Usavi ulifanyika gizani, ulimlenga jirani, na haukuwa na mwenyewe mpaka mtu atajwe.

Hapo kwenye kutajwa ndipo penye historia yetu. Watu wetu wana usemi wanaoutumia misibani hadi leo, tena kwa sauti ya chini: hapa kuna mkono wa mtu. Kijana mzima hafi hivi hivi. Ng'ombe wawili hawafi wiki moja. Na jeshi lenye bunduki bora halishindwi na watu wa migombani. Usemi huo wa mwisho haukutoka kwa Wachagga. Ulitoka kwa Wajerumani, mwaka 1892.

Mwaka huo ulianza vibaya. Carl Peters, kamishna wa serikali ya Ujerumani, alikuwa na kituo chake Marangu, na mapema mwaka huo alimnyonga msichana wa Kiafrika aliyeitwa Jagodja. Miezi michache kabla yake alikuwa amemnyonga mtumishi wake, Mabruk. Alipokuja kuulizwa, Peters alizungumzia upelelezi na njama. Habari hizo zilifika Ulaya, zikazua kelele bungeni Berlin, na 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza kazi. Wakati huo Jagodja alikuwa kaburini miaka mitano.

Mwezi Juni 1892 Luteni von Bülow alipanda na askari wake kwenda kumwadhibu Mangi Meli wa Moshi, kijana aliyekuwa amerithi kiti cha baba yake Rindi mwaka uliotangulia. Watu wa Meli walimsubiri. Bülow alipata jeraha lililomwua, askari waliobaki walirudi nyuma, na kwa muda mlima ukawa hauna Wajerumani. Kwa jeshi la kikoloni lilikuwa jambo lisiloelezeka. Meli alikuwa na wapiganaji waliolijua kila bonde na kila mfereji, na alikuwa akipigana nyumbani kwake. Maelezo hayo yalitosha, lakini hayakukubalika. Ilibidi kuwe na mkono wa mtu, na mtu alipatikana. Walikuwa wamisionari wa Kiingereza wa CMS, waliokuwa Moshi tangu 1885. Ilisemwa kwamba wamemwuzia Meli silaha na kumtia moyo. Kabla mwaka haujaisha walilazimika kuuacha mlima na kuhamia Taveta, upande wa Waingereza.

Tunasimama hapo kidogo, kwa sababu sisi Walutheri wa Kilimanjaro tumezaliwa katika nafasi iliyoachwa na tuhuma hiyo. Misheni ya Leipzig ilikuja 1893 kwa sababu CMS wameondolewa. Agosti mwaka huohuo Gavana von Schele alimshinda Meli. Kwa hiyo mwaka tunaousherehekea kama mwaka Injili ilipofika Machame ni mwaka ambao Moshi ilipigwa. Wamisionari wa Leipzig hawakuitunga tuhuma ile, wala hatuna sababu ya kuidharau kazi yao. Sisi ni matunda yake. Lakini kiti walichokalia kilikuwa bado na joto la mtu mwingine aliyefukuzwa kwa neno lisilothibitishwa.

Miaka mitatu baadaye neno lilirudi kwa njia nyingine. Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock walikwenda Meru kuanza kazi. Siku hizohizo Kapteni Johannes alikuwa na askari wake karibu na hapo. Watu wa Meru na Arusha waliona Wazungu wawili wenye mahema na Wazungu wenye bunduki wamefika pamoja, na hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba ni vitu viwili. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliwaua wamisionari hao huko Akeri, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Kisasi cha Johannes kilikuwa kikubwa, na kilifanywa kwa msaada wa wapiganaji wa Kichagga waliorudi nyumbani na ng'ombe wa watu. Wamisionari walirudi Meru 1902 tu.

Kisha ikaja 1900. Minong'ono ilimfikia Johannes kwamba mamangi wanapanga uasi. Wanahistoria wengi wanaona katika minong'ono hiyo mkono wa Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa rafiki wa kituo cha kijeshi na mwenye mengi ya kupata wapinzani wake wakiondoka. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, walinyongwa watu 19. Meli alikuwa mmoja wao, pamoja na Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba Meli hakukata roho upesi. Wazao wake wametafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Berlin 2023 viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka kwetu, lakini la Meli bado halijulikani lilipo.

Katika darasa letu tumezoea kuifundisha tarehe 20 Oktoba 1896 kwa kirefu, na ile ya 2 Machi 1900 tumewaachia watu wa makumbusho. Hatujui kama hilo ni kosa la mitaala au la moyo.

Mtu anaweza kusema kwamba njama si uchawi na mpelelezi si mchawi. Ni kweli kwa maneno. Kwa matendo tunaona jambo moja. Kuna madhara makubwa, kuna hofu, kuna adui anayesemekana kufanya kazi kwa siri katikati yetu, na ushahidi ni kwamba ametajwa. Anayekana, kukana kwake kunamwongezea hatia, maana mchawi gani hukiri?

Waliotuletea Injili walitoka katika nchi iliyolijua jambo hili kuliko sisi. Kati ya watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliouawa Ulaya kwa kosa la uchawi tangu karne ya 15 hadi ya 18, kiasi cha nusu walikufa katika nchi zilizozungumza Kijerumani. Kule Bamberg na Würzburg mamia walichomwa kati ya 1626 na 1631, katikati ya ile Vita ya Miaka Thelathini, wakati majeshi yanapita, mazao yanaganda kwa baridi na tauni inazunguka. Wakatoliki na Walutheri walichoma wote. Wittenberg yenyewe, mji wa Matengenezo, iliwaua watu wanne kwa kosa hilo mwaka 1540, na Luther katika mahubiri ya 1526 juu ya Kutoka sura ya 22 alikubali kwamba wachawi wauawe. Tunalisema hili darasani kila mwaka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinamisha kichwa kana kwamba tumemtukana baba yake. Huwa tunamwongezea jina jingine ili asiende nyumbani na hilo tu. Mwaka 1635 mwanatheolojia Mlutheri, Johann Matthäus Meyfart, aliandika kitabu cha kupinga mateso waliyofanyiwa watuhumiwa wa uchawi, na alijua alichokisema, kwa kuwa aliyaona. Katika vitabu vya nyimbo vya Wajerumani anakumbukwa kwa wimbo wa Yerusalemu mji wa juu. Kitabu chake wachache wanakijua.

Laiti Luther siku ile ya 1526 angefungua 1 Samweli 28. Pale Biblia inatuonyesha kwa karibu mchawi wa wakati wa vita. Sauli amewafukuza wenye pepo wa utambuzi nchini. Wafilisti wanapiga kambi, Mungu hamjibu, na mfalme anabadili mavazi, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kutafuta kile alichokipiga marufuku mchana. Mwandishi hamsifu mwanamke huyo kwa kazi yake. Lakini anaeleza kwa utulivu wa ajabu kwamba Sauli alipoanguka chini kwa njaa na hofu, ni yeye aliyemwona kuwa ni mtu mwenye njaa. Alimchinja ndama wake aliyenona, akakanda unga, akaoka mkate, akamlisha. Kesho yake Sauli alikufa Gilboa. Mwanamke hatajwi tena.

Turudi kwa mwanafunzi wetu na riwaya yake. Tulimwambia kwamba kwa Kiswahili tunacho kitabu kinachofanana na hicho, ingawa si riwaya. Ni *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Alikuwa ameisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, ambayo ni njia nzuri ya kutoisoma. Tuliisoma upya darasani, kila mtu akichukua mhusika.

Kilimanjaro haikuingia katika Vita ya Maji Maji, lakini hakuna Mtanzania aliye nje ya vita hiyo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, alisemekana mwaka 1904 kushikwa na pepo Hongo na kuzama katika maji, kisha akatoka kesho yake akiwa mkavu. Aligawa maji, na watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja wakaja kuyachukua. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita ikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita haijaenea. Maji hayakuzuia risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Serikali ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliofuata wameona kwamba huenda walifika 250,000 au 300,000.

Ripoti za Wajerumani zilimlaumu nani? Wachawi. Zilimwita hivyo Kinjikitile na kila mgawa maji aliyemfuata. Neno hilo lilikuwa na faida kubwa kwa serikali, maana kama vita ililetwa na wachawi, haikuletwa na pamba, wala kodi, wala kiboko cha akida. Sisi wa Kanisa tulilipokea neno hilo bila kulipima. Wamisionari nao walikuwa wameshambuliwa na kuuawa, kama Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini mwezi Agosti 1905, na si rahisi kupima maneno ukiwa unazika watu wako.

Hussein hakuandika historia tupu, na mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Mtu wake haamini maji kwa wepesi. Anaona kwamba watu wamelichukua neno lake na kulifanya kubwa kuliko yeye, anajaribu kuichelewesha vita, hasikilizwi. Mwishoni anaambiwa kwamba akitangaza kuwa maji ni uongo ataokoka. Anakataa. Darasani tulibishana asubuhi nzima juu ya kukataa huko. Wengine walimwona shahidi, kwa kuwa alijua kwamba akikana, wanaokuja watafundishwa kuwa kupigania haki yao nako kulikuwa uongo. Mama mmoja, mwinjilisti wa miaka mingi aliyekuja chuoni akiwa mtu mzima, alimkatalia kabisa. Alisema nabii anayejua kwamba maji ni maji tu anapaswa kuwaambia wale vijana kabla hawajakimbilia risasi, hata kama adui atafurahi. Hatukufikia mwafaka, na bado tunaona kwamba mama yule alikuwa na haki zaidi ya tulivyomkubalia siku ile.

Maneno yake yaliturudia tarehe 1 Februari 2020. Jioni hiyo, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi mjini, watu walisukumana wakienda kukanyaga mafuta ya upako, na 20 walikufa. Wengi wetu tulikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyekuwepo. Jumapili iliyofuata ilikuwa rahisi kuwasema manabii wa kisasa. Lakini miaka tisa nyuma yake maelfu ya watu walikuwa wamepanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa Babu Ambilikile Mwasapila, na Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu la KKKT. Washarika wetu walikwenda. Wachungaji walikwenda. Wala hakuna aliyethubutu kusema mchawi, kwa sababu tulimjua, alikuwa wetu. Neno hilo tunalitunza kwa ajili ya mtu asiye na wa kumsemea.

Kuna kipindi sisi wenyewe tulikuwa hatuna wa kutusemea. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na wamisionari wa Leipzig wakawa sasa ndio adui aliyejificha. Waliachwa wakifanya kazi kwa mashaka, kisha 1920 walifukuzwa, Gutmann akiwa miongoni mwao. Walimu wa Kichagga walibaki na makanisa mikononi mwao hadi Waamerika wa Sinodi ya Augustana walipoanza kufika 1922. Gutmann aliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Ilipofika Septemba 1939 Wajerumani walikusanywa tena na kuwekwa kizuizini. Ni tuhuma ileile ya CMS, imegeuzwa upande. Wale walimu wa 1920 hawakuwa na mshahara wa uhakika, wengi hawakuwa na haki ya kugawa Meza ya Bwana, na serikali mpya iliwatazama kama watu wa Mjerumani. Walifundisha katekisimu, walizika, waliendelea. Wachagga wa kwanza walibarikiwa kuwa wachungaji 1934 tu.

Sababu ya kuandika haya yote si riwaya wala tamthilia peke yake. Katika usharika wa kwanza tuliotumwa, upande wa juu karibu na msitu, mwaka mmoja ulikuwa wa misiba mfululizo. Vijana watatu wa mtaa mmoja walikufa, wawili kwa pikipiki, mmoja kwa ugonjwa wa siku chache. Ilisemwa kwamba kuna mkono wa mtu. Kufikia Pasaka mtu alikuwa ametajwa. Alikuwa mjane, mkubwa kuliko mama zetu, mwenye macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na shamba dogo la migomba ambalo shemeji zake walilitaka. Wazee wawili wa kanisa walikuja usiku kutuomba tumzuie mezani kwa muda. Tulikataa, tukajiona mashujaa. Lakini siku ya Jumapili tulimwendea kabla ya ibada tukamwambia, kwa upole, kwamba kwa wiki chache abaki nyumbani ili hali itulie.

Alituelewa kabla hatujamaliza. Aliinua kikapu chake cha sadaka, ndizi na mayai manne, akauliza aliache wapi.

Wiki chache zikawa miezi. Hakuna aliyemgusa, na tulijisifia hilo. Hatukuona kwamba tulikuwa tumewapa wasemaji kitu ambacho hawakuwa nacho, yaani thibitisho la mchungaji. Kama hata mchungaji amemweka nje, basi. Shemeji zake walihamisha mpaka wa shamba msimu wa mvua, na hakukuwa na mzee wa kanisa aliyesimama kwenye sale kushuhudia mpaka wa zamani ulipokuwa.

Tulikwenda kwake mwezi wa tisa, peke yetu, bila mzee wa kanisa. Tulikuwa tumeandaa maneno. Alikuwa anamenya ndizi mlangoni, na alitutazama tukipanda njia mpaka tulipofika.

"Mchungaji," akasema, "umechelewa, lakini karibu."

Tulianza kusema tulichokuja kusema. Akasema tukae kwanza, mtu haombi msamaha akiwa amesimama na njaa. Akaingia jikoni. Alitupikia kiburu, akatuwekea katika bakuli pekee lililokuwa na mfuniko, na yeye akakaa pembeni akitazama kama tunakula.